Magadi Nyuma ya Mlango

Ukitaka kumchokoza Mama Frederick, mwambie makande yako yameiva vizuri kuliko yake. Hatabishana na wewe. Atachukua kijiko chako, ataonja, atakirudisha bila kusema neno, na wewe mwenyewe utajua umeshindwa. Mimi ni jirani yake tangu tukiwa mabibi harusi, mashamba yetu ya migomba yametenganishwa na safu ya mimea ya masale tu, na katika miaka yote hiyo sijawahi kumshinda kwa sufuria. Kwa ulimi nimemshinda mara nyingi.

Jina lake ni Eunike. Ni mjane wa mzee Sumari, na nyumba yake iko juu kidogo ya Maji ya Chai, upande wa mlima unaopata jua kwanza. Kahawa anayo, ndizi anazo, ng'ombe mmoja wa maziwa anaye, na usharika mzima anao mfukoni kwa sababu ya mikono yake. Kipaimara kikija, anaitwa yeye. Msiba ukitokea, kabla hata mchungaji hajafika, vijana wameshatumwa kubeba masufuria ya Mama Frederick. Wanawake wadogo huzunguka jiko lake wakijifanya wanachochea kuni, kumbe wanachungulia anaweka nini.

Alichokuwa anaweka ni magadi, na hilo halikuwa la ajabu. Hakuna jiko huku kwetu ambalo halikuwa na magadi. Yanalainisha mahindi na maharage, yanaokoa kuni, na yanakipa chakula ile ladha ambayo mtu wa huku akiikosa anahisi amekula nusu. Yeye alikuwa na kopo la zamani la maziwa ya unga, amelitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa jiko, na alijua kipimo kwa vidole bila kuangalia. Maji ya kunywa alikuwa anayachemsha mpaka yanapungua sufuriani, maana bwana afya aliwahi kutufundisha hivyo, na Mama Frederick akifundishwa jambo hulifanya na kupitiliza.

Meno yetu, nisisahau kusema, ni ya kahawia. Mtu wa huku akicheka pale mjini Arusha, wanajua ametoka wapi. Wazee tumeyazoea na tunayafanyia utani, vijana wanacheka wamefunika mdomo.

Sasa nije kwa Angel, maana yote haya yanamhusu yeye.

Frederick, mtoto wa pekee wa Eunike, ni dereva wa watalii. Anakaa porini na wageni kuliko anavyokaa nyumbani. Alioa binti wa Kichaga kutoka Machame, Violet, anayeshona mapazia Daraja Mbili mjini Arusha, na wakapanga nyumba Moshono. Mama Frederick alimpokea mkwe wake vizuri, yaani alimkagua kuanzia kisigino mpaka kilemba na hakukuta kosa, jambo ambalo lilimuudhi kidogo. Kila Violet alipokuja kusalimia alipikiwa ndizi na nyama, chakula cha mgeni. Makande ya kila siku hakuwahi kuonjeshwa.

Angel alipozaliwa, dada wa kazi akakimbia. Akaja mwingine, naye akaolewa. Violet akawa anakwenda na mtoto dukani, anamweka kwenye kile kigari chenye magurudumu cha kufundishia kutembea, mtoto anazunguka humo katikati ya majora ya vitambaa huku mama yake anakanyaga cherehani. Bibi yake alishuka siku moja, akaona. Jioni alipanda mlima na mtoto mgongoni kama mtu aliyemtoa kwenye moto.

Nyumba yake ilikuwa kimya tangu mzee afariki. Sasa ikawa na kelele. Angel alimfuata bibi yake zizini, kisimani, kanisani, na zaidi ya pote jikoni. Mtoto yule alipenda makande kuliko pipi. Alikuwa anakaa juu ya kigoda, bakuli mapajani, anakula mpaka tumbo linang'aa, na Mama Frederick ananiita juu ya masale, "Mama Hans, njoo uone mjukuu anayejua chakula!" Sijawahi kumwona mwanamke yule akiwa na furaha kama miaka ile.

Kisha miguu ikaanza kupinda. Mwanzoni tulisema ni mwendo wa kitoto, utamtoka. Haukumtoka. Kadiri alivyokua ndivyo magoti yalivyoachana, mpaka ukisimama nyuma yake uliona migomba ya mbele katikati ya miguu yake. Watoto wenzake wakaanza kumwiga anavyotembea. Akikimbia anaanguka, akianguka anacheka, na bibi yake anageuka pembeni.

"Ni kile kigari," Mama Frederick alituambia baada ya ibada. "Mtoto amesimamishwa kabla mifupa haijakomaa. Hawa wamama wa mjini wana haraka."

Tuliitikia wote. Kigari tulikiona kwa macho, na mwenye kigari hakuwapo kujitetea. Neno lilishuka mlima lenyewe mpaka Moshono, likamkuta Violet, naye hakubisha. Nimemjua binti yule kwa muda sasa, na ninaweza kusema kosa lake moja kubwa ni kwamba ukimwambia ana kosa, anaamini.

Mambo ya hospitali sikuyaona kwa macho yangu. Mama Frederick aliniambia mwenyewe baadaye, na sidhani kama alipunguza.

Alimpeleka Angel kwenye hospitali moja huku huku wilayani, siku ambayo Violet alikuwa na mapazia ya harusi ya watu. Asubuhi, kabla madaktari hawajaanza kuona wagonjwa, nesi hutoka na kuzungumza na watu waliokaa kwenye mabenchi. Siku hiyo nesi alikuwa mama mmoja anaitwa Paskalina, na somo lake lilikuwa matege.

"Wazazi, matege hayana sababu moja," alisema. "Mtoto anayeanza kutembea huwa na upinde kidogo, huo unanyooka wenyewe. Mwingine amekosa jua, amekosa maziwa, mifupa imekuwa laini. Lakini huku kwetu mlimani kuna sababu nyingine, nayo tunaichota kwa ndoo. Maji yetu yana madini ya floraidi, yanatoka kwenye mawe. Yakiwa kidogo yanalinda meno. Yakizidi yanayafanya kahawia, si mnaona? Yakizidi sana kwa mtoto anayekua, yanaingia kwenye mifupa."

Mama mmoja akainua mkono, akasema yeye anachemsha.

"Kuchemsha kunaua vijidudu, mama, na ni vizuri. Floraidi haifi. Maji yanapungua, yenyewe inabaki sufuriani. Tumia maji ya mvua, au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa." Kisha nesi akaingiza mkono mfukoni, akatoa kipande cha magadi, akakiinua watu wote wakione. "Na hiki ndicho kibaya kuliko maji yenyewe. Kinatoka kwenye ziwa la magadi kimejaa floraidi, na sisi tunakitia kwenye chakula cha watoto kila siku. Ukitaka maharage yalainike, yaloweke tangu jana yake. Basi."

Mama Frederick aliniambia kwamba pale alipokaa alisikia joto limempanda kuanzia miguuni. Angel alikuwa ameegemea kwapa lake. Alimwangalia miguu, akaangalia magadi mkononi mwa nesi, akafunika mdomo wake kwa mkono, kana kwamba meno yake yangemsema.

Wakaitwa ndani. Daktari alikuwa kijana mpole anaitwa Lesikar, aliyempa shikamoo kabla ya kukaa. Alimpima mtoto magoti, akamwangalia meno, akaona ni ya utotoni bado na hayasemi kitu. Akauliza mnatumia maji gani nyumbani, na magadi je?

"Maji ya mvua, daktari," alisema Mama Frederick. "Magadi hapana. Hayo ni ya wazee wa zamani."

Yeye mwenyewe ni mzee wa zamani, jamani. Ila daktari alikuwa na adabu, akaandika alivyoambiwa.

Mtoto alipigwa eksirei, akatolewa damu. Siku ya majibu Violet alikuwepo. Daktari akaonyesha picha ya mifupa ilivyojikunja, akasema vipimo peke yake havikumpa jibu moja, ilimbidi afuate maelezo ya nyumbani. Akamuuliza Violet mtoto alipokuwa mchanga alikaa wapi mchana. Dukani, ndani, kwenye kigari. Jua alilipata? Violet akainamisha kichwa. Daktari akasema kwa upole kwamba huenda ndipo ilipoanzia. Akaeleza watakavyofanya: mtoto atalazwa usingizi, hatasikia kitu, watakata mfupa chini ya goti, watauweka sawa, watafunga plasta mpaka uunge, mguu mmoja kisha mwingine. Akitoka apumzike kwa bibi yake mlimani, kwenye jua na maziwa.

"Ila kitu kimoja," akasema. "Kama kuna sababu nyingine na bado ipo, mfupa utapinda tena. Siwezi kumkata mtoto kila mara."

Mama Frederick alisikia neno hilo vizuri sana. Alikaa kimya. Akiwa kimya hivyo alimwangalia mkwe wake akitoka nje na kuegemea ukuta wa hospitali kwa paji la uso.

Msije mkadhani hakujaribu. Aliporudi alilishusha kopo, akalificha chini ya magunia ya kahawa, akapika makande bila magadi. Hakuloweka, kwa sababu ya ukaidi, au kwa sababu kuloweka kungekuwa kukubali. Angel alitafuna kidogo akaweka kijiko chini.

"Bibi, leo umepika mawe."

Alirudia siku nyingine, mtoto akasukuma bakuli na kulala bila kula. Mama Frederick akalitoa kopo chini ya magunia. Kidogo tu, alijisemea, mpaka operesheni. Angel akamaliza bakuli na kuomba jingine. Hapo ndipo ninapokasirika mpaka leo, maana kabla ya somo la nesi alikuwa hajui, na mpaka hapo kosa lake lilikuwa letu sote.

Jumapili moja, operesheni ikiwa imekaribia, nilikuwa nakata majani ya ng'ombe kando ya mpaka wetu. Nikamwona Violet anapanda kutoka barabarani. Amevaa gauni lake la kanisani, hana mfuko, hana mwavuli, ameshika tawi dogo la sale kwa mikono miwili. Nilisimama na mundu wangu. Alikuwa amekwenda mpaka Machame kulichuma nyumbani kwa baba yake.

Wachaga na sisi Wameru hatukubaliani kwenye mengi, ila kwenye sale tunakubaliana. Mtu akikukosea, hata kama kosa ni la kumwaga damu, akija kwako na sale hulikatai. Ukilikataa, wewe ndiye mkosaji. Na mtu hachukui sale kwa jambo dogo. Mimi katika ndoa yangu yote nimeletewa mara moja, na mume wangu alistahili kulileta mara nyingi zaidi.

Violet alipiga magoti uani, kwenye vumbi, na gauni lile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Violet, kuna nini? Inuka, unachafuka."

"Naomba unisamehe, mama. Mjukuu wako nimemharibu miguu mimi. Nilimfungia dukani, nikamweka kwenye kile kigari, nikawa nafikiria mapazia. Mlinipa mtoto mzima. Mwisho wa mwezi wanamkata mifupa kwa sababu yangu. Naomba unisamehe kabla hawajamkata."

Mama Frederick alisimama pale kwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Nilidhani anataka kulikataa, nikawa najiandaa kupita kwenye masale nimkaripie. Kisha akanyoosha mkono, akapokea.

"Nimepokea, mwanangu," akasema. "Inuka."

Nilifuta machozi kwa mkono wenye majani. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba nimeona kitu kizuri.

Kuanzia hapo jirani yangu akawa mtu mwingine. Tawi aliliweka kwenye jagi la maji mezani, na sale lina tabia moja, halinyauki upesi. Kila aliposogea lilikuwa pale, kijani kibichi. Hakuniita tena juu ya mpaka. Kanisani, wenzake walipoinuka kwenda kwenye meza ya Bwana, yeye alibaki kwenye benchi anapekua kitabu cha nyimbo, mwanamke ambaye hajakosa meza ile tangu kipaimara chake. Watu wakanong'ona kwamba ni hofu ya operesheni. Mimi nikaona hofu haimfanyi mtu akwepe macho ya jirani.

Nikaenda jikoni kwake. Angel alikuwa nje anamwimbia ndama.

"Mama Frederick, una nini?"

Aliinuka, akafunga mlango, akalishusha kopo kwenye msumari, akaliweka mapajani mwangu. Kisha akaeleza yote niliyokwisha kuwaambia, bila kupumzika, macho yake kwenye mafiga. Nesi, daktari, maji ya mvua, makande ya mawe, kidogo tu.

Nilishindwa kuamini. "Wewe mama! Umepokea sale kwa kosa lako mwenyewe?"

"Nifanye nini? Alikuwa amepiga magoti."

"Ungepiga na wewe!"

"Wataninyima mtoto," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, sikuwahi kuisikia hivyo. "Wakijua, hawataniachia tena. Frederick ananipigia simu mara moja moja. Mzee hayupo. Ndani ya hii nyumba sina mtu mwingine, Mama Hans. Nikiamka asubuhi nasikia anaongea peke yake kitandani, ndipo najua nimeamka."

Nilimwonea huruma, nakiri, na huruma ikaniongezea hasira.

"Basi kaa naye," nikamwambia. "Wamkate, umrudishe, umlishe, apinde tena. Kaa naye na miguu yake." Nikaliweka kopo chini na kutoka, na mlango nikaubamiza.

Siku aliyolazwa Angel, ile ya kuamkia operesheni, nilisikia naitwa juu ya masale asubuhi. Alikuwa amevaa kitenge chake cha umoja wa wanawake. Mkono mmoja alishika lile tawi la sale, limetoka kwenye jagi linadondosha maji. Mwingine alishika kifundo cha khanga.

"Nisindikize," akasema. "Nikienda peke yangu nitageukia njiani."

Tulimkuta Violet amekaa kitandani kwa mtoto anamsuka. Wodi ilikuwa imejaa akina mama na watoto wao. Mama Frederick alisalimia, akaketi, akaficha sale nyuma ya mgongo wake. Nilimkanyaga mguu kidogo. Akaninong'oneza kwamba anamngoja daktari, maana hili jambo hawezi kulisema mara mbili.

Daktari Lesikar alipopita kuona wagonjwa na kufika kitanda chetu, alimpa tena shikamoo. Mama Frederick hakuitikia. Alifungua kifundo cha khanga, akaweka kipande cha magadi juu ya shuka, karibu na miguu ya Angel.

"Daktari, nilikudanganya," alisema. "Haya nimemlisha tangu ameota meno. Maji ya mvua hatuna, nina ya kisima, nachemsha mpaka yanapungua. Nesi alifundisha nikiwa nimekaa pale pale, nikaelewa, nikaja kwako nikakudanganya. Na nikarudi nyumbani nikaendelea kumlisha."

Daktari alikishika kile kipande, akakigeuza. Uso wake ulibadilika, ila adabu ilimshika.

"Bibi," akasema, "kesho asubuhi nilikuwa namkata huyu mtoto."

"Najua."

"Ningemkata, ningemnyoosha, ningemrudisha kwako."

"Najua, mwanangu."

Daktari akavuta pumzi, akamgeukia Violet, akamweleza yeye. Operesheni kesho haitakuwepo. Watampima mkojo. Mtoto ahame kwenye yale maji, anywe maji salama, apate maziwa na dagaa, akae bila magadi kwa miezi kadhaa mpaka mifupa itulie, ndipo wamkate, na hapo kuna matumaini kwamba mfupa utakaa ulivyowekwa. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea kwa kijana. "Na kile kigari, mama, hakikupindisha kitu. Wala duka lako. Nilikosea kwa sababu nilipewa maelezo yasiyo kweli."

Violet alikuwa bado ameshika msuko mmoja wa Angel vidoleni. Hakuuachia.

Mama Frederick aliinuka. Akatoa sale nyuma ya mgongo, akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, mbele ya mkwe wake, mbele ya wodi nzima. Wamama wa vitanda vya jirani wakageuka kutazama. Kwetu mama mkwe hampigii magoti mke wa mwanawe. Sijawahi kuona, na sidhani kama nitaona tena.

"Hili ni lako," alisema. "Ulilileta kwangu, na halikuwa na haki ya kuja kwangu. Naomba unisamehe."

"Bibi, umeangusha nini?" Angel akauliza, akichungulia kutoka juu ya kitanda.

Violet aliangalia lile tawi, akaangalia kilemba cha mama mkwe wake kilicholegea.

"Kile kigari nilikichoma moto, mama," alisema taratibu. "Nyuma ya duka. Watu wananipita, wananiuliza, dada unachoma nini. Nikasema takataka. Nilikuwa silali. Frederick akinishika mkono nauchomoa, nikiona mikono yangu ndiyo imemvunja mtoto. Na wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Nilipopiga magoti pale kwako ulikuwa unajua."

"Ndiyo, mwanangu."

Violet alilia. Hakulia kwa sauti, machozi tu yalianguka kwenye nywele za mtoto, na Angel akajipangusa kichwa. Nilianza kuogopa kwamba atalikataa, na kusema kweli nisingemlaumu. Ila alilelewa Machame, na baba yake alimfundisha sale ni nini. Alinyoosha mkono akalipokea.

"Nimepokea," akasema. "Inuka, mama. Lakini Angel harudi mlimani."

"Najua."

"Na ukija Moshono kumwona, karibu. Ila usije na chakula."

Mama Frederick alishindwa kuinuka mwenyewe. Nilimshika kwapa, mimi upande mmoja na Violet upande wa pili, tukamketisha.

Angel alikwenda Moshono. Baba yake aliporudi kutoka porini alifunga tenki la maji ya mvua, na hakuzungumza na mama yake mzazi mpaka masika yalipokwisha. Habari ilipanda mlima kama ile ya kigari ilivyoshuka. Mama Frederick hakukana. Aliisimulia mwenyewe kwenye umoja wa wanawake, amesimama, akaomba nesi Paskalina aalikwe aje azungumze. Makopo mengi yalitupwa wiki ile, langu likiwemo. Msiba uliofuata waliomba apike, akasema atamenya ndizi.

Miguu ilikatwa mmoja, kisha mwingine, kama daktari alivyosema. Wakati wote wa plasta Mama Frederick alikuwa anashuka Moshono kumwona mjukuu wake, na anashuka mikono mitupu. Labda msomaji wa mjini haoni uzito wake. Bibi wa Kimeru kwenda kwa mjukuu bila hata mkungu wa ndizi, bila kibuyu cha maziwa! Akifika stendi alikuwa anaficha mikono chini ya khanga, watu wasione haijabeba kitu. Alikaa kando ya kitanda, akamwimbia mtoto, akamkuna juu ya plasta alipowashwa, akaondoka kabla ya muda wa chakula bila kuambiwa.

Siku nilipokwenda naye, plasta zilikuwa zimeshatolewa. Angel alitoka chumbani ameshika viti, kimoja baada ya kingine, miguu imekonda kama vijiti na makovu chini ya magoti, lakini imenyooka. Magoti yalikuwa yanakaribiana. Alifika kwa bibi yake akamwangukia mapajani.

"Bibi, nataka makande. Yako."

Mama Frederick alimpapasa mtoto kichwa, hakuinua macho. Violet alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko na kitambaa cha kufutia vyombo.

"Mahindi na maharage nimeyaloweka tangu jana," alisema. "Mama, njoo umpikie."

Mama Frederick aliinuka polepole. Alipofika kwenye mlango wa jiko alisimama. Akafungua khanga yake kiunoni, akaikung'uta. Akachukua mkoba wake, akaugeuza juu ya meza, vikaanguka leso, funguo za nyumba na kitabu cha nyimbo. Kisha akakunja mikono ya gauni mpaka kwenye viwiko, akanyoosha viganja vyake mbele ya mkwe wake, juu na chini.

Hakuna aliyekuwa amemwomba afanye hivyo. Nilimwangalia Violet, nikitegemea atasema, mama jamani, acha. Hakusema. Alingoja mpaka bibi alipomaliza kuonyesha mikono yote miwili, ndipo akasogea pembeni, akampisha aingie.